Dada, kabla hujanunua nyumba ya kwanza, ongea na mke wa muuzaji

Mama_Vitenge (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika kwa ajili ya akina dada, ila akina kaka mkitaka kusoma someni, hakuna siri.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Nina miaka 41, watoto wawili, mume sina na simtafuti humu, kwa hiyo meseji za pembeni mniepushie. Nimepanga miaka 16: Buguruni, Tabata, kisha Tabata tena. Kodi ya miezi sita mkononi, na mwenye nyumba akiamka vibaya anapandisha. Mwaka 2021 nikasema basi. Nilikuwa na milioni 31, hela ya mchezo niliopokea mara mbili, mgao wa kikoba na kilichobaki dukani. Nikaanza kutafuta nyumba iliyokwisha jengwa. Kiwanja sikutaka, sababu nitasema, maana najua kuna mtu ataniuliza.

Dalali wa kwanza alinitoza 20,000 ya kuonyeshwa, akanipeleka nyumba tatu. Mbili kati ya hizo wenyewe walikuwa hawajui kama zinauzwa.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Iko nje ya mji, upande wa Ilala, sitataja mtaa. Vyumba vitatu, bati jipya, mwembe uani. Bei ilianzia milioni 45, ikashuka mpaka 38. Mzee muuzaji mcheshi, kila nikifika soda imeshawekwa kwenye stuli. Mkewe yuko uani anasugua sufuria. Nikamsalimia, hakuitikia. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikasema moyoni, huyu mama ana kiburi. Nikatoa advansi ya milioni 3, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, dalali akiwa shahidi. Ndiyo, karatasi ya daftari. Chekeni.

Siku ya tatu nilikwenda peke yangu, saa kumi na moja jioni, nimebeba futi ya fundi nipime madirisha ya mapazia. Mzee hayupo. Yule mama akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza: "Wewe ndiye unayenunua nyumba yangu?"

Nikabaki na futi mkononi. Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya choo. Kulikuwa na tofali kama thelathini zimebaki tangu ujenzi, zimeota ukungu wa kijani. Akasema, "Hizi nimefyatua mimi na mdogo wangu. Maji nilikuwa nayachota kule bondeni, na mimba ya miezi saba." Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, mume wake amenieleza yeye na watoto wanahamia wapi? Mimi sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeuliza maji, umeme, bati, njia ya gari. Hilo sikuuliza.

Kesho yake nikamfuata mzee, nikamwambia mkeo asaini au unirudishie hela. Akaniambia mke hana neno, nyumba ni yake yeye mwanaume. Nilirudishiwa milioni moja na laki saba, kwa vipande, kwa miezi mitano. Iliyobaki nimeisamehe kwa mdomo tu, rohoni bado ipo.

Nyumba ninayoishi sasa niliipata mwaka uliofuata, upande wa Chamazi. Ilikuwa ya marehemu, inauzwa na watoto wake, milioni 36. Safari hii nilikwenda kwa macho mengine. Niliomba barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, nikachukua namba ya shauri, nikaenda mwenyewe kwa karani wa mahakama kuuliza kama barua ile ni yao. Nikataka watoto wote wanne wasaini, hata yule aliyekuwa Morogoro, akafuatwa. Dada yao mkubwa aliniambia nina maneno mengi. Nikamwambia nina milioni 36 pia. Zilizopungua nilikopa SACCOS.

Hela sikubeba mkononi. Tulikutana benki na wakili, zikaingia kwenye akaunti ya msimamizi mbele ya warithi. Mkataba una picha zetu za pasipoti, dole gumba, majirani wawili kama mashahidi, na vipimo vya mipaka. Mjumbe naye alikuja kuona mipaka. Kuna kiongozi mmoja alidai asilimia kumi ya bei "ya ofisi". Nikamwambia anipe kumbukumbu namba ya malipo ya serikali nikalipe kwa simu. Tukaishia kunywa chai.

Na la mwisho kabla sijafunga duka. Kaka yangu, tumbo moja, nampenda, alinishauri tuandike jina lake kwenye mkataba, "wewe mwanamke watakusumbua". Niliandika jina langu, yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Karibuni, ulizeni.

Kidevu_Cha_Mbuzi

Milioni 36 unanunua nyumba ya marehemu? Hiyo hela kiwanja unapata, unanyanyua boma na chenji inabaki. Wanawake mnapenda vilivyoiva.

Mama_Vitenge

Nilikusubiri wewe. Nikifunga duka siku moja kwenda kusimamia fundi, siku hiyo sijauza. Nisipokwenda, mifuko kumi ya saruji inaingia saiti, saba inaingia ukutani. Shoga yangu alianza kujenga 2017, mpaka leo anaishi kwenye chumba kimoja kilichopauliwa, vingine vimeota mpapai. Na kodi ya Tabata alikuwa analipa wakati huohuo. Anayeweza kujenga ajenge, mimi niliweza kununua.

Fundi_Nondo

Mimi ni fundi na nakubaliana na mama kwa asilimia 70, hizo 30 ni wivu wa kazi.

Dada zangu mkienda kuangalia nyumba, msiangalie rangi. Nyumba iliyopakwa rangi wiki iliyopita kuna kitu inaficha. Inama, angalia ukuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge, au ukipitisha kiganja unapata unga mweupe, hiyo ni chumvi inapanda kutoka chini. Dar maeneo mengi inasumbua. Utapiga plasta leo, baada ya masika mawili inabanduka tena. Haimaanishi usinunue, inamaanisha bei ishuke.

Gonga plasta kwa funguo. Ikilia kama debe tupu, imeachana na tofali. Nyufa za plasta nyembamba kama uzi zisikutishe. Ufa unaopanda kwa kufuata ngazi za tofali, mpana kiasi cha kuingiza shilingi mia, huo mara nyingi umetoka kwenye msingi. Panda darini kama kuna dari, uone mbao zimeliwa na mchwa au la. Mwaga ndoo mbili za maji chooni, za haraka haraka, usikilize kama yanashuka. Na nenda siku ya mvua. Watu wananunua nyumba mwezi wa nane, mwezi wa nne wanatoa maji sebuleni kwa beseni.

Mama_Vitenge

Hilo la mvua walione wote. Mimi nilikwenda Chamazi Aprili, na gambuti. Jirani alinishangaa, akadhani ni afisa wa afya. Na huyohuyo jirani ndiye aliyeniambia maji ya kisima chao yana chumvi, kitu ambacho wenye nyumba walikisahau. Ongeeni na majirani, wanaume kwa wanawake, na muuza genge wa pale kona. Muuza genge anajua nani amewahi kuja kudai ile nyumba.

Wakili_Kibarazani

Dada mwanzisha uzi, kilichokuokoa na ile nyumba ya kwanza si huruma tu, ni sheria. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Akiuza kwa nguvu, yule mwenzake anaendelea kuwa na haki ya kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo. Maana yake ungenunua nyumba na mama akiwa ndani yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo inampa mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mke au mume ameridhia. Kusema "sikujua kama ana mke" huku ulikuwa unamwona anaosha sufuria, hakimu atakutazama tu.

Halafu neno "mke" lisiwapoteze. Watu walioishi pamoja miaka miwili na zaidi wakajulikana kwa majirani kama mke na mume, sheria inaweza kuwachukulia kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "huyu tunaishi tu", usipumue bado.

Kwa nyumba yenye hati: chukua nakala, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi. Unalipia, unajibiwa kwa maandishi nani mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu. Usikubali kuonyeshwa hati kwenye simu. Uhamisho wenyewe una fomu namba 29, 30 na 35, ripoti ya mthamini, na kodi. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na mnunuzi ushuru wa stempu, karibu asilimia 1. Wauzaji wengi hupenda kukubebesha zote mbili, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Na wakikushawishi kuandika bei ndogo ili kodi ipungue, kumbuka siku mkigombana mahakama itasoma bei iliyoandikwa.

Neema_wa_Kimara

Wakili naomba unisaidie. Mimi nimeolewa, ndoa ya kanisani, miaka sita. Nina biashara yangu. Nataka kununua nyumba kwa jina langu na mume asijue. Si kwamba ni mtu mbaya. Ila mama yangu alitolewa kwenye nyumba na mabegi mawili nikiwa darasa la tano, niliyabeba moja mimi. Je, itakuwa yangu peke yangu?

Wakili_Kibarazani

Kununua unaruhusiwa. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, Sheria ya Ndoa imesema tangu 1971. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni ya huyo mmoja. Lakini ni dhana tu, inaweza kupingwa. Siku ya talaka mahakama inaangalia mali mliyochuma pamoja na mchango wa kila mmoja, na kuificha nyumba hakuiondoi kwenye hesabu. Jambo hilo linakata pande zote mbili: nyumba aliyoandika mumeo kwa jina lake nayo iko kwenye hesabu, hata kama mchango wako ulikuwa kupika na kulea. Mahakama ya Rufani ilikubali hivyo mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Ingawa yeye mwenyewe hakupata kitu, maana ilionekana alikuwa ameshapewa hela na akazitumia vibaya. Hilo la mwisho watu huwa hawalisimulii.

Iliyokuwa yako kabla ya ndoa ni yako, ila mumeo akiiboresha sana baadaye, hapo anapata pa kusemea. Tunza risiti zako zote. Kama unataka amani zaidi, kaeni muandike makubaliano.

Kidevu_Cha_Mbuzi

Mke ananunua nyumba kwa siri halafu mnamshauri atunze risiti. Ndoa za siku hizi!

Neema_wa_Kimara

Kaka, una dada? Muulize.

Binti_wa_Muscat

Salaam aleikum. Mimi niko Oman mwaka wa tisa, kazi za ndani. Mama Vitenge umenigusa uliposema la kaka. Mimi wangu nilimtumia, kidogo kidogo, miaka minne. Picha za msingi, picha za linta, picha ya bati, zote anatuma. Nilirudi likizo nikakuta nyumba ipo, nzuri, milango ya mninga. Mkataba wa kiwanja una jina lake, na ndani amemuweka mkewe. Nikapewa chumba cha wageni. Nilale kwenye chumba cha wageni, nyumba yangu mwenyewe!

Wazee wa familia wamekaa mara tatu. Kaka hakatai kwamba nilituma hela, anasema nilikuwa namsaidia. Wanawake mlio Arabuni, risiti za kutuma pesa pekee hazisemi hela ilikuwa ya nini. Sasa nimenunua kiwanja kingine, mnunuzi kwenye mkataba ni mimi, na aliyesaini kwa niaba yangu ana hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili na imesema mwisho wake ni wapi. Na huyo si ndugu.

Mama_Vitenge

Pole sana mdogo wangu. Kila ulipotaja picha, moyo ulikuwa unanidunda. Wakili, hapo pana njia?

Wakili_Kibarazani

Ipo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Awe na meseji walizoandikiana kuhusu ujenzi, hizo zina nguvu kuliko risiti peke yake. Asifute hata moja, na asikae muda mrefu, madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Mswahili_wa_Kisauni

Huku kwetu Mombasa dada zangu kuna mtego mwengine, nyumba bila ardhi. Wauziwa nyumba, kuta na mabati ni yako kweli, lakini uwanja una mwenyewe na kila mwezi wamlipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akifa, watoto wake wana mipango yao. Mamangu alinunua hivyo miaka ya themanini. Ukiwa waja kununua pwani ya Kenya, swali la mwanzo: naununua uwanja au naununua ukuta?

Kaka_wa_Benki

Mbona hakuna anayezungumzia mikopo ya nyumba? Si lazima msubiri mchezo miaka kumi. Kuna mikopo ya miaka 15, hata zaidi, ukiwa na hati na kipato kinachoonekana.

Mama_Vitenge

Nilikwenda, kaka. Benki ipi sisemi. Riba niliyopewa ni asilimia 17. Nikamwomba yule kijana wa dirishani anipigie hesabu ya milioni 60 kwa miaka 15: marejesho kama 923,000 kila mwezi, jumla unakuja kulipa zaidi ya milioni 166. Nikamuuliza na hii nyumba ya pili na ya tatu mnanipa lini? Hakucheka.

Kwa mwajiriwa ambaye mshahara unapita benki na kodi anayolipa ni karibu na hayo marejesho, sikatai, inaweza kumfaa. Kwetu wa sokoni, Januari mbovu moja tu, na Januari zote ni mbovu. Pia nyumba isiyo na hati benki hawaitaki, na nyingi za bei zetu hazina. Yangu wakati nanunua ilikuwa na mkataba wa mauziano tu. Urasimishaji, yaani kupimiwa mtaa ili tupate hati, ulikuja baadaye, nikachanga 150,000, bikoni za mipaka zikapigwa, sasa nafuatilia hati. Nafuatilia ndilo neno.

Fundi_Nondo

Nimesahau moja: alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Wengine wanaipaka rangi juu. Kwaruza ukuta wa mbele. Barabara kuu kwa kawaida hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, nyingine ni zaidi, beba futi yako ile ya mapazia. Na mto, mita 60. Mnaokumbuka bomoabomoa ya Kimara 2017, wakati wa kupanua barabara ya Morogoro, mnajua nasema nini.

Neema_wa_Kimara

Nakumbuka. Duka la mama mdogo lilikuwepo.

Mama_Vitenge

Kodi ya jengo pia, inakatwa kwenye LUKU siku hizi. Kabla hujalipa muombe muuzaji namba ya mita, nunua umeme wa elfu mbili uone unapata yuniti ngapi. Mimi niliponunua wa kwanza karibu hela yote ilimezwa na deni la mita. Shilingi elfu mbili iliniambia zaidi ya msimamizi wa mirathi.

Neema_wa_Kimara

Wadau, narudi baada ya wiki tatu. Nilipata nyumba Kibamba, ina hati, mwenyewe mstaarabu, hati akasema iko kwa wakili wake. Akanipa nakala kivuli. Nikafanya kama mlivyosema, nikaenda kuomba upekuzi. Majibu yametoka jana: ina rehani ya benki tangu 2019. Kwa wakili hakuna kitu, hati iko benki.

Nimempigia, kasema deni limebaki dogo, nikimpa advansi analimaliza.

Wakili_Kibarazani

Usimpe hata mia. Kama kweli ni dogo, mwende wote watatu, wewe, yeye na benki. Benki iandike kiasi, hela iingie kwenye mkopo moja kwa moja, na hati itoke siku hiyo ikiwa imefutwa rehani.

Mama_Vitenge

Na mkewe umemwona?

Neema_wa_Kimara

Bado. Anasema yuko kwao Moshi. Nimemuomba namba.